Kodi ya miezi sita imeishia kwenye vizibo vya soda

Shikamoo Shangazi,

Pole na majukumu. Naomba usitaje jina langu, maana mke wangu anasoma safu yako kuliko mimi.

Nina miaka 33, nakaa Tabata, baba wa watoto wawili, karani kwenye ghala moja maeneo ya bandarini. Sinywi, sivuti, michepuko sina. Ninachoomba ushauri kilianza kwa mwaliko tu. Kuna kaka mmoja tunafanya naye kazi, kwake kila Ijumaa kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 8 wanacheza karata. Nilienda nikidhani ni albastini. Kumbe ni poka, ile ya Texas Hold'em: unapewa karata mbili za siri, zinafunuliwa tatu mezani, kisha ya nne, kisha ya tano, na katikati ya hapo watu wanaweka hela. Tuko saba pamoja na mwenye nyumba. Tunatumia vizibo vya soda, kila kizibo 500. Ukifika unanunua vizibo 100, vikiisha unaongeza. Kwa kila fungu linaloliwa, yaani hela zilizowekwa katikati, mwenye nyumba anatoa kizibo kimoja cha umeme na soda. Wa kwanza baada ya mgawaji anaweka kizibo kimoja cha lazima, anayefuata viwili, ndipo mchezo unaanza.

Shangazi, nimekaa pale Ijumaa 13. Nimeshinda tatu. Nikipiga hesabu nimeacha pale 920,000, na hizo hela zilikuwa sehemu ya kodi. Nyumba ni 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba wangu anataka ya miezi sita kwa mpigo, ambayo ni 1,500,000, na tarehe 30 ndiyo siku. Nimebaki na 580,000. Mke wangu anajua hela ipo yote.

Kinachoniuma ni kwamba mimi siyo mjinga, nina bahati mbaya tu. Kuna siku nilishika ree mbili, ya shupaza na ya uru. Nikajifanya sina kitu, nikaweka vizibo viwili kama wenzangu ili niwavute. Tukaingia watu sita. Ikaja saba ya pau, nne ya uru na malkia wa kopa. Mchezaji mmoja tunayemwita Fundi akaweka, nikamfuata, yaani nikaweka sawa na yeye. Akaweka tena, nikamfuata mpaka mwisho. Akafunua saba na nne! Mtu mzima anaingia na saba na nne! 38,000 zikaenda.

Lakini nikicheza kwa akili nashinda. Wiki iliyofuata nilikuwa na tisa ya kopa na tatu ya kopa. Mezani ikaja mfalme wa kopa, sita ya kopa na ghulamu wa shupaza. Katikati kulikuwa na 12,000. Mwenzetu mwingine, Mwalimu, akasukuma vyake vyote, 30,000. Wote wakatupa. Mimi nikasoma uso wake, nikamfuata. Karata ya tano ikawa kopa. Nilisimama juu ya kiti.

Fundi alituonesha video ya yule Mmarekani, Chris Moneymaker, mhasibu wa kawaida, aliyeingia kwa dola 86 mtandaoni na mwaka 2003 akabeba dola milioni 2.5 kule Las Vegas. Nimepakua programu ya poka kwenye simu. Ombi langu ni moja, usinihubirie. Nimesikia kwamba zamani ulifanya kazi ya kugawa karata kasino. Nifundishe kucheza vizuri na kuweka dau kwa akili, nirudishe ile 920,000 kabla ya tarehe 30. Na hapo hapo niambie, kipi kinakula kipi kati ya streti na flashi? Mpaka leo nachungulia kwenye simu.

Baba Wawili, Tabata

*

Marahaba, Baba Wawili.

Ni kweli niligawa karata miaka 11, kwenye kasino moja ya hapa Dar ambayo haipo tena. Sitakuhubiria. Na wale watakaonitumia ujumbe kwamba kamari ni haramu na Shangazi ameanza kufundisha watoto wa watu, nawajua na nawaheshimu. Huyu mimi sikumpeleka mezani, nimemkuta ameshakaa.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonishtua. Mtu ameacha 920,000 kwenye meza ambayo hajui kipi kinakula kipi. Flashi, yaani karata tano za alama moja, inakula streti, yaani tano zinazofuatana. Huna haja ya kukariri kama mashairi, shika sababu yake tu: kinachopatikana kwa shida kinakula kinachopatikana kirahisi. Pakiti ya karata 52 inatoa mikono ya karata tano 2,598,960. Ndani ya hiyo, streti ni 10,200 na flashi ni 5,108, nusu yake. Fulu hausi, tatu za namna moja pamoja na jozi, ni 3,744, ndiyo maana inakula flashi. Nne za namna moja ni 624. Streti ya alama moja ziko 40 tu, nne kati ya hizo ndizo zile za kifalme zinazoishia na ree. Ukishuka chini ya streti kuna tatu za namna moja, jozi mbili, jozi moja, halafu patupu. Na patupu ni zaidi ya nusu ya mikono yote! Hilo la mwisho liandike kwenye kiganja, maana mchezo wote umekaa hapo. Kwa kawaida huna kitu, na mwenzako naye hana kitu.

Sasa tuje kwenye mikono yako miwili. Umenieleza mmoja wa bahati mbaya na mmoja wa akili. Kwa macho ya mgawaji umeigeuza.

Ree mbili. Zinakuja mara moja katika mgao 221. Kwa mkono, watu saba, mnagawa kama mara 20 kwa saa, kwa saa tano ni mara 100. Kwa hiyo wewe unazipata kama mara moja kila Ijumaa mbili. Ni mgeni wa nadra, na wewe ukampokea kwa kumficha uvunguni. Ukiwa na ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, unashinda mara 85 katika 100. Dhidi ya watu watano wenye karata zozote, unashinda mara 49. Karata ni zile zile, mkono wako haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mlango uliouacha wazi. Fundi aliingia na saba na nne kwa sababu ulimruhusu aingie kwa 1,000. Ungepandisha vizibo vinane pale mwanzoni, saba na nne yake ingetupwa, na ungebaki na mtu mmoja au wawili wenye karata za maana kidogo lakini chini ya zako. Wenyewe mnaita "kuvuta". Mimi naita kumkaribisha mwizi chai.

Na hata baada ya hapo ulikuwa na nafasi ya pili ya kujiokoa. Fundi, kwa maelezo yako mwenyewe, aliweka, ukamfuata, akaweka tena. Mtu asiyezoea kuweka akiweka mara mbili mfululizo huku unamfuata, ana kitu. Jozi moja, hata iwe ya ree, ni jozi moja. Wangapi niliwaona wanaifia kama wameoana nayo.

Sasa mkono wa kopa, ule uliokupandisha kwenye kiti. Umeshika kopa mbili, mezani kopa mbili. Kopa ziko 13 kwenye pakiti, umeona nne, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 47. Nafasi ya kopa kutokea kwenye karata ya nne au ya tano ni kama 35 katika 100. Hesabu ya haraka ya mezani ni hii: karata zinazokuokoa zidishe mara nne kama bado mbili hazijafunuliwa, mara mbili kama imebaki moja. Tisa mara nne ni 36, karibu kabisa. Simu huhitaji.

Upande wa hela, katikati kulikuwa na 12,000, Mwalimu akaongeza 30,000, kwa hiyo unagombea 42,000 kwa kulipa 30,000. Rudia mkono huo mara 100. Mara 35 unashinda 42,000, hiyo ni 1,470,000. Mara 65 unapoteza 30,000, hiyo ni 1,950,000. Umepungukiwa 480,000. Yaani kila unapofanya ule "ujanja" wa kumsoma Mwalimu usoni, kwa wastani unamkabidhi 4,800, hata siku unayoshinda. Na hapo nimekuhesabia kwa huruma, kwa sababu kama Mwalimu alikuwa na wafalme watatu, kopa yako ingeweza kuja pamoja na jozi mezani na bado ungelia.

Angeweka 6,000 badala ya 30,000, kama hizo ndizo alizobakiwa nazo, hadithi ingekuwa nyingine. Ungelipa 6,000 kugombea 18,000, unahitaji kushinda mara 25 tu katika 100, na wewe una 35. Hapo unafuata, na ukikosa unalala usingizi. Kuweka dau kwa akili ndiko huko. Unauliza vitu viwili tu, ni nafasi ngapi na ni bei gani, na bei ikizidi nafasi unatupa. Tahadhari moja: hiyo 35 ni pale ambapo hakuna tena wa kuweka hela mbele. Kama mwenzako bado ana vizibo vya kukupiga navyo kwenye karata ya nne, hesabu karata moja tu, ambayo ni kama 19 katika 100.

Lakini swali la kwanza kabisa ni tisa ya kopa na tatu ya kopa zilifanya nini mkononi mwako mpaka karata tatu zikafunuliwa. Najua jibu. "Zilikuwa za rangi moja, Shangazi." Karata mbili za alama moja, ukiziburuza mpaka karata ya tano, zinakupa flashi kama mara sita katika 100. Mara 94 umebaki na tisa na tatu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona ugonjwa wako hauko kwenye bahati. Wewe ni mdadisi. Unalipa ili uone. Katika maelezo yako yote, "nikamfuata" imetokea kila mahali, na "nikatupa" haipo hata mara moja. Wanaotupa ni wenzako. Pale kasino tulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, muuza vipuri, aliyekuja kila Jumanne. Alikuwa anatupa karata mpaka wageni wanamcheka. Anaagiza chai, anasoma gazeti la jana, anatupa. Usiku mzima huenda akacheza mikono 15. Ukimwona ameweka gazeti chini, hata wagawaji tulikuwa tunaangaliana. Kwa meza ya watu saba, katika mgao 100 wewe cheza kama 20. Jozi utapata kama sita hivi. Ongeza ree na mfalme, ree na malkia, karata kubwa mbili zinazokaribiana. Saba na nne mwachie Fundi, na usimwonee wivu siku anayoshinda nazo. Siku hiyo ndiyo inayomrudisha Ijumaa ijayo.

Mahali ulipokaa napo pana bei yake. Anayesema wa mwisho ameshaona wenzake wamegonga meza, yaani wamepita bila kuweka, wamepandisha au wamekimbia. Ni kama mnadani: heri utaje bei baada ya kusikia za wengine. Ukiwa wa kwanza kusema, ingia na karata nzuri sana tu. Ukiwa mgawaji, ambaye karata tatu zikishafunuliwa anasema wa mwisho, unaweza kulegeza kidogo.

Hujauliza habari za mkwara, ila najua utauliza. Ukiweka 12,000 ya uongo kwenye fungu la 12,000, lazima mwenzako akimbie angalau nusu ya mara ndipo usipate hasara. Kwa hiyo mkwara unampigia mtu anayejua kutupa. Ukimpigia mtu kama wewe, anayefuata kila kitu, unajipiga mwenyewe. Na kuhusu kusoma nyuso, acha hiyo kazi. Uso wanafundishana kuuficha. Mimi nilikuwa natazama mikono. Mkono unaotetemeka wakati wa kusukuma chipu, ambazo ndizo vizibo vya kasino, mara nyingi sana ulikuwa wa mtu mwenye karata kali, siyo wa muongo. Watu hudhani ni kinyume.

Haya, mafunzo ya karata yameishia hapo kwa leo. Nije kwenye hela, na nitakuwa mkali kidogo.

Kile kizibo kimoja cha umeme. Mikono 100 kwa usiku, kizibo kimoja kila fungu, ni 50,000 kila Ijumaa. Kwa Ijumaa 13 ni 650,000. Baba Wawili, huo ni umeme wa kiwanda! Ukigawa kwa watu saba, kila mmoja amelipa kama 93,000 kwa kukaa tu kwenye kiti, hata kama wote mngekuwa na uwezo sawa. Ndiyo maana usione ajabu kwamba Ijumaa nyingi kila mtu anatoka analalamika na mwenye nyumba anatabasamu. Kasino inafanya hivyo hivyo, ila kasino ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inalipa kodi. Kaka yako anayekata fungu sebuleni hana, na siku polisi wakigonga hapo, wewe karani wa ghala utaeleza nini kazini?

Na vile vizibo. Usingeweza kutoa noti tatu za 10,000 mfukoni, ukaziangalia, ukampa Mwalimu ili uone karata mbili. Ungesita. Lakini vizibo 60 umevisukuma kwa kiwiko. Kasino wanatumia chipu kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nilifundishwa kuzipanga vizuri zipendeze.

Programu ya simu ifute leo. Sisemi hivyo kwa sababu nadhani wanaiba. Sebuleni unagawiwa mara 20 kwa saa. Kwenye simu ni mara 60 na kuendelea, na unaweza kufungua meza mbili kwa mpigo, peke yako, chooni, saa 9 usiku. Udadisi uliokugharimu 920,000 kwa Ijumaa 13 utamaliza kazi kwa wiki moja. Habari ya Moneymaker ni ya kweli, na jina lake kweli ndilo hilo. Mwaka ule walioingia walikuwa 839. Fundi hajakuonesha video ya wale 838.

Ombi lako la kurudisha 920,000 kabla ya tarehe 30 nalikataa. Hata ningekufundisha mpaka ukawa mchezaji bora wa Tabata, mchezaji bora hana Ijumaa tatu za uhakika. Anaweza kucheza sawasawa na akapoteza mwezi mzima. Hesabu ya 35 katika 100 inalipa kwa anayeirudia mara elfu, haimjui mtu mwenye kodi ya wiki ijayo. Na mtu mwenye kodi ya wiki ijayo hawezi kutupa karata. Mikono inakuwa mizito, kila jozi anaiona kama mkombozi. Wenzako wanaliona hilo kabla yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho jioni, watoto wakishalala, mwambie mama watoto. Mwambie namba kamili, usiseme "kuna hela kidogo imepungua". 920,000. Atakasirika, na ana haki. Usimtaje Fundi wala bahati. Usisubiri tarehe 29, kwa sababu akijua kwa mwenye nyumba atakuwa na makosa mawili ya kukusamehe, na lile la pili ndilo gumu.

Kisha nenda kwa mwenye nyumba mapema, kabla hajakuja yeye. Ongea naye apokee miezi mitatu badala ya sita. Hiyo ni 750,000. Unayo 580,000, unatafuta 170,000 kwenye mshahara, siyo kwenye mkopo wa simu. Wenye nyumba wengi wa Dar wanang'ang'ania sita, lakini mpangaji aliyekuja mwenyewe wiki mbili kabla na hela taslimu mkononi hafukuzwi kirahisi. Nenda na mkeo. Nasema kwa uzoefu.

Ijumaa usiende, mpaka kodi ya miezi yote sita iwe imelipwa. Ukiona siwezi kukuzuia baada ya hapo, basi nenda na 20,000 taslimu, za mwezi, zilizokwisha kuagwa nyumbani kama hela ya sinema. Simu mwachie mkeo, kwa sababu simu yako siku hizi ndiyo benki yako. Zikiisha unabeba viatu vyako. Hakuna kukopa mezani, hata kizibo kimoja. Ukipigwa mkono mkubwa na kichwa kikapata moto, simama, nenda nje, hesabu bajaji zinazopita mpaka utulie. Kama huwezi kusimama, umeshamaliza usiku huo, ondoka.

Nunua daftari. Kila ukicheza andika umeingia na ngapi, umetoka na ngapi, na mikono mingapi umetupa. Ulisema umeshinda Ijumaa tatu, nina shaka. Wacheza kamari wote niliowahi kuwahudumia walikuwa na kumbukumbu nzuri ya ushindi na mbovu ya nauli.

Na kuna kitu naomba ukiangalie bila kunichukia. Umemficha mkeo, na unataka kurudi ili urudishe. Hizo ni dalili mbili za uraibu wa kamari. Kama utajaribu kukaa bila Ijumaa nne ukashindwa, au ukajikuta umepakua tena ile programu, hapo hatuzungumzii tena karata. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili, waambie ni kamari. Hawatakushangaa.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika tarehe ya Ijumaa ile ya kwanza, na pembeni yake 920,000. Mkeo awepo ukiandika. Kisha niandikie mwenye nyumba amesema nini.

Shangazi